Kura ya Hosea Tackett

Alhamisi ya kura, Agosti 1887, Orlena Tackett alichinja kuku wanne jua halijachomoza, akawakaanga, akawapeleka mahakamani, palipopigiwa kura, wakiwa kikapuni wamefunikwa shuka nyeupe. Texas nzima ilikuwa ikiamua kama pombe ipigwe marufuku. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, basi walipika. Waliamini mwanamume akishiba ataona haya kuwakatalia. Kila sahani ilitoka na karatasi ya kura ya kuunga mkono marufuku pembeni.

Orlena hakuwa na mzaha. Mkwewe, Dace, kila akitoka kilabuni alimpiga mkewe Zilpha, binti wa pekee wa Orlena. Mara ya mwisho alimvunja taya.

Saa nne wafu wakaja kutoka makaburini, wanaume peke yao, wakapanga foleni. Karani, Bwana Gaddy, akafungua daftari. Majina yao hayakuwa yamefutwa, kwa hiyo walikuwa wapigakura halali. Aliwaomba tu wakung'ute udongo mlangoni.

Hosea, mume wa Orlena, alikuwa wa saba. Alizama mtoni miaka sita nyuma, amelewa chakari, na buti zake bado zilichuruzika maji. Orlena alimpa mapaja mawili.

"Mama Zilpha, mkono wako ni uleule."

"Kula, kisha ukatumbukize hii karatasi. Dace atatuulia mtoto."

"Dace? Si kijana mzuri tu yule."

"Mzuri kwako. Wewe hukai naye."

Hosea akala, akalamba vidole, akaikunja karatasi vizuri, akajifutia midomo. Kisha akapokea karatasi nyingine, ya kupinga marufuku, kwa mtu wa kilabu, pamoja na bilauri ya wiski, akaenda kupiga kura. Orlena alimchukia zaidi kuliko alivyomchukia alipokuwa hai.

Akamfuata karani. "Yule nilimzika mwenyewe."

"Najua, mama. Jeneza si nilibeba mimi?"

"Basi niandike na mimi. Mimi niko hai."

Gaddy hakuwa mtu mbaya. Aliipekua sheria ukurasa kwa ukurasa. Ilitaka mwanamume, kupumua haikukutaja.

"Ndivyo ilivyo, Bibi Tackett. Ningefanyaje?"

Jioni kura zikahesabiwa. Marufuku ilishindwa, na kwingineko Texas habari zilikuwa hizohizo. Wafu wakarudi kwao wakiimba. Orlena alikwenda moja kwa moja kwa binti yake.

"Dace amekwenda kusherehekea," Zilpha alisema kwa taabu, taya imefungwa kitambaa. Alikuwa akishusha sahani rafuni zisije zikavunjwa.

Orlena akatua kikapu, akamsaidia kuficha visu.