Mmoja Tu kwa Kila Nyumba

Majirani walimwita Mzee Kimya, na hawakumsingizia. Mchomelea mageti yule aliweza kumaliza chakula, chai na taarifa nzima ya habari bila kutoa neno, labda "mm" moja ya kuomba chumvi. Mkewe, fundi cherehani, alishazoea kuongea kwa niaba ya wote wawili.

Kwa hiyo binti aliyetumwa na serikali kukusanya maoni alipopiga hodi Jumamosi ile, mke ndiye aliyevuta kiti akakaa. Kodi? Matumizi ya serikali? Alikuwa na ya kusema tangu siku ushuru wa nyuzi ulipopanda!

"Samahani, mama," binti alisema, macho kwenye simu yake. "Kila nyumba tunamhoji mmoja tu, yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi. Kwa tarehe mlizonipa, ni baba. Tena tunatakiwa tubaki wawili."

"Huyo? Utaondoka mikono mitupu, mwanangu."

Akaenda jikoni amevimba. Alifungua bomba ili ionekane anaosha vyombo, kisha akalifunga, maana lilimzuia kusikia.

"Kodi ziongezwe, zipunguzwe, au zibaki zilivyo?"

"Ziongezwe."

Sufuria nusura imponyoke. Mtu huyuhuyu aliyenuna wiki nzima kwa sababu ya leseni ya karakana!

"Kwa nini, baba?"

"Kama pesa zitakwenda wodi ya watoto, chukueni hata zaidi. Mtoto wetu wa kwanza alifia mikononi mwangu, binti. Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, sisi tuko kwenye foleni. Mama yake alikuwa dirisha la malipo. Nikawa namwambia, vumilia baba, wamebaki wawili tu mbele yetu. Siku hizi nalia kazini, nikishavaa kinyago cha kuchomelea. Pale hakuna anayeniona."

Miaka yote hiyo mke alikuwa amelia peke yake, akiamini mwenzake ana moyo wa chuma. Angemfumania na mwanamke angejua pa kuanzia: angepiga kelele, mtaa ungejaa. Lakini binti huyu hakuchukua mume, alichukua kilio, na kilio kile kilikuwa haki yake yeye. Akaona wivu.

"Pole sana, baba," binti alisema.

"Ahsante, mwanangu."

Hata hiyo pole mke aliionea wivu. Yeye angeitoa mara ngapi, kama angepewa nafasi!

Binti alipokwisha kuaga, mke akatoka jikoni.

"Mmeongea nini muda wote huo?"

"Mambo ya kodi tu."

Akakaa kwenye kiti alichoacha binti. Kilikuwa bado na joto.

"Serikali umeshaiambia mwanangu alikufaje," alisema. "Mimi utaniambia lini?"