Familia ya Buibui wa Mabamba

Theodosia alikuwa akipepeta maharage nje ya nyumba yake ya nyasi kule Mabamba, wilaya ya Kibondo, mwaka 1974, Landrova iliposimama na mtaalamu akashuka kuomba ruhusa ya kutazama paa lake kwa ndani. Jina lake Abbasi, mtu wa Pwani, ametumwa kuwapanga buibui wa Kibondo na Kasulu katika familia zao.

"Wadudu wapo tele, baba," Theodosia akamwambia.

"Buibui si mdudu, mama. Mdudu ana miguu sita."

Akawakagua macho, kucha na mahali wanapotolea uzi. Buibui wakampa ushirikiano. Wenye kucha mbili walisogea upande wa mlango, wenye tatu wakakaa juu ya mafiga, na mmoja aliyekosea kundi akaomba radhi akahama. Abbasi akatangaza kwamba hawa wa mlangoni ni familia moja na wale aliowaona Nyakitonto, wilaya ya Kasulu, na kwamba si haki kuwatenganisha.

Afisa wa wakimbizi, Ndugu Dadi, alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Siku hiyohiyo aliwapa buibui wa Nyakitonto kibali cha kuhamia Mabamba.

Theodosia akamfuata. Walipokimbia Burundi, mdogo wake Kezia alivukia kwingine, akapelekwa Nyakitonto. Hawajaonana tangu hapo.

"Ndugu Dadi, na ndugu yangu yuko hukohuko. Tumetoka tumbo moja."

"Nani anathibitisha?"

"Mama yetu."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika kwenye migomba, tukakimbia."

"Basi hakuna uthibitisho. Yeye ni kundi la Kasulu, wewe la Kibondo."

Theodosia akamgeukia Abbasi. Mtaalamu alikuwa akifuta kioo chake cha kukuzia kwa pindo la shati.

"Nilimwona huko. Mnafanana mpaka pua," alisema. "Lakini mimi ni wa buibui tu."

Buibui wa Nyakitonto walifika mvua zilipoanza, wameijaza barabara, majike wamebeba vifuko vya mayai. Lori la mihogo liliwasubiri wapite. Ndugu Dadi akawahutubia kuhusu umuhimu wa familia katika ujenzi wa taifa, kisha wakaelekea kwa Theodosia, waliko jamaa zao. Mzee wao akasimama kizingitini.

"Amahoro, mama. Kezia anakusalimu. Amejifungua mtoto wa kike, amempa jina lako."

"Namshukuru. Mwenyewe hakuja?"

"Tulikuwa naye mpaka kwenye kizuizi cha barabarani, mtoto mgongoni. Askari akainua mti, tukapita. Akaushusha."

Theodosia alisogeza chungu ukutani, wapate njia.

Baadaye Ndugu Dadi alikuja kukagua. Alipoona jinsi buibui walivyobanana, alimwagiza Theodosia ajijengee kibanda kwingine, kwa kuwa nyumba hii sasa ilikuwa ya familia.

Theodosia akachukua mundu, akaenda kukata nyasi.