Miguu Mia na Ishirini ya Kushoto

Saa nne kamili asubuhi, kengele ya chai ilipolia, wanawake kumi na mmoja wa karakana ya sare walisimamisha cherehani, wakachukua vikombe vya maji, wakameza vidonge vyao vya kupanga uzazi kwa mpigo mmoja, kama kwaya inayovuta pumzi. Utaratibu huo aliuanzisha Mama Vifungo, mshonaji wa vifungo aliyekuwa mkongwe kuliko cherehani zote, zamani alipokuwa bado wa kuzaa na akashika mimba mbili za kusahau. Kidonge alikuwa akikisahau. Chai, hata siku moja.

Mkasi alimeza chake, akashika ukingo wa meza ya kukatia.

Mkasi lilikuwa jina la kazi. Yeye ndiye aliyekata vitambaa vya karakana nzima, na kitambaa kilichotandazwa mbele yake kilijinyoosha chenyewe kwa woga. Anayebisha na abishe. Kuna siku alikata kola arobaini huku anagombana na mtu dirishani, zote zikatoka sawasawa, hata msimamizi akazipima mara mbili kwa hasira ya kukosa kosa. Ila alipobeba mimba ya pacha miguu ilimvimba, akashindwa kusimama, na nusura meza hiyo apewe mwingine. Sasa pacha walikuwa na mwaka mmoja na nusu, wawili kwa hesabu, sita kwa kelele. Mtoto mwingine akiingia mwaka huo, meza ingekwenda moja kwa moja. Ndiyo maana akaanza vidonge.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kichefuchefu. Mwezi wa pili akawa hatulii. Akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kwenda, akienda hajui aendako. Alifagia chumba mara tatu kwa siku, akahamisha kitanda asubuhi na kukirudisha jioni, mpaka mumewe alirudi kutoka kazini siku moja, akavua viatu na kukalia hewa pale kitanda kilipokuwa.

Mwezi wa tatu ukaja mwanga. Ulianzia pembeni mwa jicho, kijimstari chenye menomeno kama makali ya mkasi wa zigizaga, ukatambaa taratibu na kula nusu ya kila alichokitazama. Baada ya dakika ishirini uliondoka, na kichwa kikaanza kugonga upande mmoja.

"Mama Vifungo," alisema siku ile kwenye chai, "hivi vidonge vinanikataa."

"Vinakuzoea, mwanangu. Mimi nilikuwa nalia kila nikisikia utabiri wa hali ya hewa. Wakitaja mvua, nami nanyesha."

"Mimi nilinenepa hadi kiti changu kikaomba likizo," mshona zipu akadakia.

"Afadhali wewe. Mimi matone kila wiki, mwezi wangu hauna mwanzo wala mwisho," mwingine akasema, wakacheka wote.

"Wewe kinakusumbua nini?" Mama Vifungo akauliza.

"Kichwa."

"Kichwa tu! Vumilia, kitapita."

Mwanga hakuutaja. Mkataji anayeona nusu ya kitambaa ni mkataji gani? Habari ikimfikia msimamizi, meza ameiaga.

Jumanne ikaingia oda ya suruali sitini za walinzi. Kitambaa kilikuwa na uso na mgongo, kikatandazwa tabaka juu ya tabaka, uso wote juu. Kukata kwa namna hiyo kuna sharti moja: ukishakata miguu ya kushoto, unaigeuza karatasi ya kipimo ndipo ukate ya kulia. Mkasi alikata ya kushoto. Aliponyanyua karatasi ili aigeuze, mwanga ukachomoza, ukala nusu ya karatasi na nusu ya mkono ulioishika. Akaingiwa na haraka amalize kabla kichwa hakijaanza. Akailaza, akakata.

Kesho yake kelele zikatoka kwenye cherehani ya mwisho. "Jamani! Mguu wa kulia uko wapi?"

Walitafuta kila rundo. Miguu mia na ishirini, yote ya kushoto.

"Hao walinzi watatembea kwa mduara!" mshona zipu akapiga kelele.

"Basi walinde mzunguko wa barabara," mwenzake akajibu, na karakana ikaangua kicheko mpaka msimamizi akaingia, tepu ya kupimia shingoni. Hakucheka.

"Mkasi. Umelala juu ya meza yangu?"

"Hapana, bosi."

"Kuanzia leo kaa kule kwa wakata nyuzi. Meza nitamtafutia mtu."

Kengele ya chai ikalia. Wengine wakameza. Mkasi alikishika kidonge kiganjani, akatembea kati ya cherehani hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. Akikimeza, mwanga. Asipokimeza, mimba. Upande wowote aliogeukia, meza haikuwepo.

Mama Vifungo akamshika mkono katika mzunguko wa nne. "Utatoboa sakafu. Una nini?"

Ndipo akasema yote, menomeno na nusu ya mkono. Mama Vifungo alisikiliza bila utani, jambo lililomtisha Mkasi kuliko mwanga wenyewe.

"Kliniki wanajua?"

"Ningewaambia nini? Wewe ulisema kitapita."

Mama Vifungo akafunga kopo la vifungo. "Twende."

Nesi alimpima presha, akauliza maswali huku anaandika. Alipofika kwenye mwanga, kalamu ikasimama.

"Unakuja kabla ya kichwa?"

"Kabla."

"Na ulianza baada ya vidonge hivi?"

"Ndiyo."

"Basi hivi acha leo hii. Kwa mtu anayeona hivyo, vya aina hii vinaweza kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini hatubahatishi."

"Mbona hamkumuuliza mwanzoni?" Mama Vifungo akaruka.

"Aliulizwa, mama. Wakati ule hakuwa anaona kitu."

Nesi akatoa pakiti nyingine, ya vidonge vyenye homoni moja badala ya mbili. "Hivi navyo vina vitimbi vyake, labda matone ya damu. Lakini mwanga ukirudi, usimwambie jirani, njoo hapa. Siku za mwanzo mumeo atumie kondomu. Na saa ni ile ile kila siku, usichelewe."

"Saa tunayo," alisema Mama Vifungo.

Wakarudi karakana. Mlangoni Mama Vifungo akasema, "Nilikuambia uvumilie."

"Nami sikukwambia yote."

Mkasi akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. "Nipe miguu yangu sitini iliyozidi."

"Ya nini?"

"Tuna oda ya kaptula za shule. Mguu wa mtu mzima unatosha kulaza kipimo cha mtoto kwa kukigeuza. Nusu nitatoa kulia, nusu kushoto. Hakitapotea kitambaa."

Msimamizi akavuta tepu huku na huku. "Ukikosea kipande kimoja, nyuzi mpaka ustaafu."

"Wiki ijayo. Kwanza nipone."

Alianza Jumatano ya wiki iliyofuata. Kila alipogeuza karatasi aligusa ukingo wake kwa kidole, asiyaamini macho peke yake. Matone yalikuja kama alivyoambiwa. Kutotulia hakukumtoka, alikata vipande vitano, akazunguka meza, akakata vitano. Siku ya tatu, akiwa kwenye kipande cha mwisho, mwanga ukapita ukutani.

Mkasi ukasimama hewani. Karakana nzima, iliyokuwa ikimchungulia tangu asubuhi, ikasimama nao.

Mwanga ukapanda dari, ukashuka, ukatua puani kwa Mama Vifungo.

"Bosi," Mama Vifungo akasema bila kupepesa, "hebu ficha hiyo saa yako. Utamuua mtu."

Msimamizi akashusha mkono uliokuwa juani dirishani, akashusha na mkono wa shati juu ya saa. Walicheka hadi pini zikamwagika. Mkasi hakucheka. Alifumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Karatasi ilikuwa nzima. Mkono ulikuwa mzima, wenye vidole vitano, akavihesabu.

Kengele ikalia. Alimeza kidonge, akazunguka meza mara moja, akaigeuza karatasi na kukata mguu wa kulia.