Mwanamume wa Wakili

Mama yangu Kalondu aliolewa na mwanamke, na anayetaka kushangaa ashangae sasa hivi tuendelee. Mbula wa Mukuyuni hakujaliwa mtoto. Kwa hivyo, kama desturi yetu Wakamba, alitoa mbuzi wa ntheo, wale wa mahari, akamleta mama kutoka Nuu awe mke wake. Sisi tuliozaliwa ni watoto wa nyumba ya Mbula.

Mbula alipofariki, Nyamai, mtoto wa kaka yake, mzee wa kanisa mwenye sauti tamu ya maombi, alienda kortini kudai shamba. Eti mama alikuwa mfanyakazi tu. Tungefukuzwa kwetu hivi hivi. Tukamtafuta wakili Mugo, pale Sultan Hamud.

Mugo aliandika hati ya kiapo kwa Kiingereza. Kwake yeye mume ni "he", basi akamwaga "he" kila mstari. Nilipomkumbusha kwamba Mbula alikuwa mwanamke, alitabasamu kama anayebembeleza mtoto, akasema korti haipendi vitu vya kuchanganya. Nilitaka kumrushia kiti. Kikamba hakina balaa hiyo, wala Kiswahili. Neno moja linatutosha sote.

Hati ikalala mezani kwetu ikingoja mama aape. Mchana huo jua lilikuwa kali, mbaazi zimeanikwa uani, mama akasinzia. Akamwona mwanamume ameketi kwenye kigoda cha Mbula, kofia magotini, mpole sana. Kesho yake alimjia tena ndotoni, akajitanda leso ya Mbula mabegani, akawa anatembea shambani akigusa miembe mmoja mmoja. Mama alimtafuta Mbula nyumba nzima asimwone. Hata mimi, nikipepeta mbaazi, nilisikia mtu akikohoa ndani, kikohozi kizito cha kiume, na ndani hamkuwa na mtu. Niliogopa, sifichi.

Mama alimrudishia Mugo karatasi zake.

"Huyu mtu simjui," alimwambia. "Andika yule aliyenioa."

Mugo alionya kwamba hakimu anaweza kukataa ndoa ya namna hiyo na shamba likaenda. Mama akajibu kwamba ni heri afukuzwe akiwa mjane wa Mbula kuliko abaki akiwa mjane wa mgeni. Mugo akaguna, akaandika "she".

Kortini Nyamai alishika Biblia akaapa. Nilimwona alivyojiandaa: angesema hajawahi kuona mwanamume yeyote akiishi kwetu kama mume, na ingekuwa kweli tupu. Lakini hakimu alikuwa amesoma hati. Alimwuliza kama shangazi yake Mbula aliwahi kupeleka mbuzi wa ntheo kule Nuu.

Feni ilizunguka polepole juu yetu, vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, na nikahisi kama sote tumelala macho wazi. Mama aliangalia mikono yake tu.

"Alipeleka," Nyamai akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyewapakia kwenye lori."