Pua ya Mama Manukato

Mafua yalimlaza Mama Manukato siku chache tu, kisha yakaenda zake. Lakini yaliondoka na pua yake. Alipopata nguvu ya kurudi kazini alifungua kichupa cha mafuta ya mdalasini, akakisogeza puani, akavuta. Hola. Akavuta tena mpaka kifua kikamuuma. Ni kama alikuwa ananusa maji ya bomba.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Pua hiyo ndiyo iliyompa jina. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyepika sabuni katika chumba cha uani: yeye na glavu zake, yeye na magadi yake makali, yeye na sufuria la mafuta ya nazi. Kuchanganya harufu ilikuwa kazi ya Mama Manukato. Tangu walipomzika seremala, mume wa mmoja na kaka wa mwingine, wanawake hao walikaa nyumba moja na kula sahani moja, na sabuni ndiyo iliyowaweka mjini.

"Wifi, hii ikoje?" wifi aliuliza, akimletea kipande kilichokatwa karibuni.

"Tamu," alijibu bila kupepesa macho.

Akawa anachanganya kwa kukumbuka, na kwa muda mambo yalikwenda. Kisha akaja msusi wa jirani, mwanamke wa maneno mengi na vicheko, akitaka losheni ya mdalasini. "Inukie hasa," alisema. "Nijipake shingoni, wateja wangu wasinzie kwenye kiti, niwasuke bila kelele!"

Mama Manukato mwenyewe ndiye aliyezoea kuwaonya watu: sabuni unaisuuza, losheni unashinda nayo mwilini, kwa hiyo harufu yake iwe kidogo zaidi, na mdalasini ukizidi unaunguza. Siku zote alipima kwa mizani, akajipaka kidogo ndani ya mkono, akasubiri hadi kesho yake. Siku hiyo mizani hakuigusa. Alidondosha, akanusa, hakusikia kitu. Akadondosha tena. Kila tone lilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama, naye hakutaka kuondoka mlangoni. Msusi alikuwa nje anapiga soga na wifi, anasubiri. Losheni ikafungwa, ikatoka.

Msusi aliporudi siku mbili baadaye, alikuwa amejizungushia mtandio shingoni. Alipouvua, wifi alishika mdomo. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, na malengelenge yametanda hadi chini ya sikio.

"Mama Manukato, ulinitilia pilipili?" Alijaribu kucheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Wifi alifungua kikopo cha losheni alichorudi nacho msusi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. "Wifi! Huu ni mdalasini mtupu! Hukusikia?"

"Sisikii," alisema Mama Manukato.

"Husikii nini?"

"Harufu. Harufu yoyote, wifi. Tangu yale mafua."

Walimwosha msusi kwa maji ya baridi, wakampeleka zahanati. Alipona, ila shingo ilibaki na baka jeusi. Hakugombana nao. Aliendelea kuwasalimia akipita, lakini hakusimama tena kupiga soga, na mtandio hakuuvua hata jua likiwaka.

Jioni ile wifi alifoka. "Mbona hukuniambia? Je, kama ungemuunguza mtoto mchanga?"

Mama Manukato aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na shati la kazi la seremala, halijafuliwa tangu alipolivua mara ya mwisho.

"Nilikuwa nalinusa kila siku nikitoka kazini. Maranda ya mbao, tumbaku, jasho lake. Sasa siwezi. Nusa wewe, wifi. Niambie kama bado yupo."

Wifi alilipokea shati la kaka yake kwa mikono miwili. Akalifunika usoni, akavuta pumzi ndefu.

"Niambie ukweli," alisema Mama Manukato.

"Linanuka plastiki." Wifi alilishusha. "Harufu yake imeisha, wifi. Hata mimi nina kofia yake sandukuni. Nayo iliisha harufu siku nyingi, nikaogopa kukuambia."

Basi wakakaa sakafuni wakalia, shati likiwa mapajani mwao, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Pua haikurudi. Wifi akajifunza kunusa kwa niaba ya wote wawili, na Mama Manukato akashika mizani. Hakuna chupa iliyotoka bila kupimwa na kujaribiwa kwenye mkono. Wateja waliendelea kumwita kwa jina lilelile, naye aliitika.

Siku moja wifi alichanganya kitu katika kichupa pembeni, akakinusa na kusita. "Najua alivyokuwa ananukia," alisema. "Msandali kidogo badala ya maranda, tumbaku kidogo. Nadhani naweza kumpata."

"Utampata," alisema Mama Manukato. "Ni kaka yako. Lakini mimi sitamsikia."

Wifi aliziba kile kichupa taratibu, akakisukuma mbali. Kisha wakainamia beseni, wakaendelea kuosha vyombo vya sabuni, mmoja akisugua, mwingine akisuuza.