Moteri ya Ng'ambo ya Daraja

Saa nne asubuhi, katika garaji iliyo nyuma ya stendi ya mabasi ya Kamembe, Izabayo alikaza boliti ya mwisho ya shapo ya tatu, na vilebreke ya Pejo ya Mzee Anastase ikagoma kuzunguka. Kabla ya boliti hiyo kukazwa, ilizunguka kwa kidole kimoja. Baada yake, hata alipoongeza bomba refu kwenye spana na kulilalia kwa tumbo, haikusogea. Akalegeza boliti, nayo ikazunguka tena, laini, bila kinyongo.

Kwa asiyejua mambo ya garaji: vilebreke ni ule mtaimbo uliopinda-pinda unaobeba nguvu zote za moteri, yaani injini. Unalala ndani ya bloki, mwili wa moteri, umezungukwa na kusine, vipande vyembamba vya chuma laini, na juu yake hufungwa kofia tano za chuma, ndizo shapo. Kati ya mtaimbo na kusine lazima ibaki nafasi ndogo ya kupita mafuta, nyembamba kuliko unywele. Nafasi ikizidi, moteri inagonga. Ikikosekana, ndiyo haya.

Izabayo alikuwa fundi msemaji, tena msemaji hasa. Asipokuwa na mteja alizihadithia spana. Siku hiyo alifanya kazi kimya. Alitoa kusine zote, akafuta migongo yake, maana punje moja ya mchanga hapo chini inatosha kuharibu wiki nzima. Akahakikisha mishale ya shapo inatazama mbele. Akapima mtaimbo, akaukuta umenyooka. Mwishowe akapaka rangi ya midomo ya mke wake kwenye kusine ya tatu ili aone inapogusa, akakaza, akafungua. Rangi ilikuwa imefutika upande mmoja tu.

"Papa Anastase," akasema, "iyi shapo haiko ya iyi bloki. Banazitoboaka pamoja, kama sufuria na mufuniko yake. Ya moteri ingine haikubalake."

"Weka tu," akasema Anastase, aliyekuwa amekalia tairi. "Iyi moteri ilitoka Bukavu ikitembea. Imepanda mulima ya Mibirizi mara ngapi?"

"Kusine ya zamani ilikuwa imeisha, ndiyo maana ilivumilia. Iyi mupya haifichake kintu."

Anastase alikuwa akimfikiria mke wake. Nyumbani, Mukakalisa alikuwa amekwisha kuvaa kitenge chake cha safari, kama alivyofanya kila siku tangu moteri ifunguliwe. Mukakalisa alikuwa amesahau mengi, hata majina ya wajukuu, lakini hakuwa amesahau kwamba Pejo ndiyo iliyowaleta kutoka Bukavu mwaka wa tisini na nne, yeye na dada yake, wakiimba njia nzima. Sasa dada yake alikuwa amelazwa makaburini Mibirizi, na Mukakalisa alitaka kwenda kumsalimia kwa Pejo ileile, si kwa basi, si kwa gari la mtu. Daktari alikuwa amesema kumbukumbu hiyo nayo iko njiani kuondoka. Anastase aliogopa sana kwamba itaondoka kabla moteri haijawaka.

"Basi tutafute shapo yake," akasema Izabayo. "Ila nani anajua iko wapi?"

Mzee aliinuka kwenye tairi, akajipangusa suruali.

"Iko Bukavu, Kadutu," akasema.

Waliipakia bloki kwenye mkokoteni, vilebreke ikiwa imefungwa humo na shapo zake zote, imekwama kama msumari ukutani, wakashuka nayo hadi daraja la mpakani, kati ya Rwanda na Kongo. Walipopita katikati ya daraja, vilebreke ikaanza kuzunguka yenyewe kila gurudumu liliporuka kibonde. Izabayo akainama, akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka. Akarudisha mkokoteni nyuma kidogo, upande wa Rwanda. Ikakwama. Akausogeza mbele. Ikazunguka. Wanawake wenye mabeseni ya nyanya walimpita pembeni wakilalamika.

Afisa wa forodha alikuja, akatazama ndani ya bloki.

"Bintu ya namna iyi inapitaka," akasema. "Mwezi ulipita ilikuwa masini ya kushona. Sogezeni mukokoteni, batu bapite."

Ua waliouendea ulikuwa wa marehemu Mulume. Katika ua huo Anastase alijifunza ufundi akiwa kijana, na humo yeye na Mulume walifungua garaji moja, wakanunua Pejo mbili za aina moja, kila mtu yake. Walipozifungua moteri zote mbili kwa pamoja, waliosha vyuma vyote kwenye karai moja la petroli, bila kutenga shapo za huyu na za yule. Mafundi wengine waliwacheka. Wao walisema kati yao hakuna changu wala chako, na kweli waliishi hivyo, wakila sahani moja, wakicheza rumba moja kila Jumamosi. Anastase alipovuka lile geti akasikia harufu ya petroli na ya sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, kifua kilimuuma kwa hamu ya siku zile.

Nzigire, binti Mulume, alikuwa anageuza sambaza jikoni. Aliwatazama, akautazama mkokoteni.

"Mumekuya ju ya shapo," akasema. "Inazuiaka mulango ya chumba."

Akaenda kuileta. Pembeni ya ua kulikuwa na bloki nyingine ya Pejo, yenye ufa ubavuni, ambayo Nzigire alikuwa amepanda mchicha wa lengalenga ndani ya matundu ya pistoni zake. Ufa huo Anastase aliujua. Aliupata mwenyewe kwenye milima ya Ngomo, moteri yake ilipochemka na yeye akakataa kusimama.

Izabayo alifuta shapo, akaiweka. Ilikaa mahali pake kwa mlio mdogo, na ule mstari kwenye bloki ambao yeye aliudhani mkwaruzo ukakutana na mstari wa kwenye shapo. Ikawa herufi M, iliyopigwa kwa patasi, mguu mmoja huku, mwingine kule. Fundi akamtazama mzee, akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

"Papa yangu alienda kuzika mama yake Walungu," akasema Nzigire. "Kurudi, alikuta ile yenye kupasuka mu gari yake. Kisha akafanya kazi mu garaji ya batu mupaka kufa kwake."

"Alinipatia," akasema Anastase. "Hii nzima. Alinipatia."

"Siku gani?"

"Zamani."

Nzigire alimimina chai, akakoroga sukari mwenyewe, akamtia kikombe mkononi. "Kunywa, Papa. Itapoa."

Shapo ikakazwa, na vilebreke ikazunguka kama siagi. Walirudi nayo wakiwa na furaha, Izabayo amepata tena sauti yake, akiwaeleza wapita njia habari za kusine. Katikati ya daraja ikakwama. Alifungua kila kitu palepale, akafuta, akapima, akapaka rangi ya midomo. Rangi ilikuwa imetandaa sawasawa.

"Shapo iko yake," akasema polepole. "Kusine iko muzuri. Papa, kunabaki bloki."

"Ile masini ya kushona," akasema afisa wa forodha, "baliirudisha kwa mwenyewe. Inashona muzuri sana."

Anastase alikuwa anatazama maji chini ya daraja, na alijifanya hakusikia.

Baada ya siku chache vijana waliisukuma Pejo tupu, isiyo na moteri, hadi Kadutu, na moteri ikafungwa humo ndani ya ua wa Mulume. Mukakalisa alivushwa na kitenge chake, akakalishwa mbele. Iliwaka kwa jaribio la kwanza. Mama yule alifumba macho, akaanza kuchezesha vidole gotini.

"Moteri ya Mulume," akasema kwa furaha. "Sikia vile inaimba."

Hakuna aliyemsahihisha. Anastase aliendesha huku machozi yakimtoka hadi mahali pa juu ambapo milima ya Rwanda inaonekana ng'ambo ya pili, akasimamisha gari, akamwonyesha upande wa Mibirizi. Mukakalisa akampungia dada yake mkono. Akauliza watafika lini. Anastase akasema watafika.

Tangu hapo wanavuka kila Jumapili baada ya misa. Nzigire anawafungulia geti, anawapa chai, anaweka kopo chini ya gari ili mafuta yasimwagikie ua wake. Wakirudi matembezini Anastase analiacha gari uani humo, anafunga milango yote minne na kuvuta kila kitasa kuhakikisha. Na kila Jumapili, katikati ya daraja, Mukakalisa anasimama.

"Mzee, ufunguo umeachia nani?"

"Uko salama," anasema Anastase, akigusa mfuko wa koti lake, na wanaendelea kutembea kuelekea Kamembe.