Chujio la Mkasiwa

Katika nchi ya Ng'ariza, ambako milima ilichimbwa hadi ikabaki maganda matupu na paa za wakubwa zikang'aa kushindana na jua, Mto Sumbi ulishuka kutoka machimboni ukiwa mwangavu kama kioo, na uangavu huo ndio uliowaponza watu. Maji hayakunuka wala hayakubadilika rangi. Ila watoto wa bondeni walichelewa kutamka, wakadhoofu, wakafa. Mtukufu Kitambazi, aliyeitawala nchi hiyo kutoka kileleni, alitangaza kwamba kosa ni uzembe wa mama zao.

Mkasiwa, mwalimu wa kemia, alimzika mwanawe wa pili, kisha akajifungia na tanuri lake. Miaka minne alichoma mvuke wa mafuta hadi akapata unga mweusi wa vijibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara maelfu. Akaviosha kwa tindikali ili vishike madini, akavishindilia katika chujio la udongo, akamimina maji ya Sumbi. Risasi na zebaki, sumu za machimboni, zikanasa humo kama inzi kwenye utando wa buibui. Bonde zima likaja kuteka kwake.

Habari zikafika ikulu. Askari wakaja kulichukua chujio pamoja na mwenyewe, wakampeleka barazani.

"Unawaambia watu kuwa mto wangu ni sumu?" Mtukufu aliuliza.

"Siwaambii kitu, Mtukufu. Makaburi wanayachimba wenyewe."

Mtukufu akatabasamu. "Basi chuja maji ya jumba hili. Yanatoka chemchemi ya kileleni. Usipopata kitu, utaozea machimboni kwa uzushi wako."

Mkasiwa akausafisha kwanza unga wa chujio, kisha akayachuja. Akausuuza ule unga kwa tindikali, akaikinga katika bakuli, akadondoshea dawa ya kupimia madini. Rangi ya manjano angavu ikachanua, ikimetameta chembe kwa chembe.

"Dhahabu!" mtunza hazina akaropoka.

"Ni risasi, mzee," Mkasiwa akamjibu kwa upole. "Chemchemi iko juu ya machimbo, ni safi. Mabomba ya jumba ndiyo yaliyotengenezwa kwa risasi. Mmeinywa tangu enzi za babu zenu."

Mtukufu akalisukuma bakuli kando. "Chujio litabaki hapa," akasema.

"Libaki. Lakini linasafisha maji, Mtukufu. Damu haliisafishi."

Mtukufu akaashiria aletewe maji. Mtumishi akaja na birika la fedha, akasimama nalo, asithubutu kumimina. Hakuna aliyeamuru Mkasiwa afungwe, wala aliyeamuru aachiwe. Askari waliomshika mikono walikuwa wakilikodolea macho lile birika.